Nishani Ina Jina la Nani?

Ndugu msikilizaji, umepata kuiona nishani ya askari wa KAR aliyepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili? Ziko familia zinazoitunza mpaka leo, imeviringishwa kitambaa chini ya sanduku. Itazame vizuri. Ni nyota ya shaba iliyochanganywa na zinki. Jina la Burma limo. Taji limo. Herufi za Mfalme George wa Sita zimo katikati. Lakini nyota hizo Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina la askari.

Kwa nini? Kwa desturi ya Waingereza, heshima yote hutoka kwa mfalme. Yeye ndiye mwenye kuanzisha nishani. Malkia Victoria alianzisha msalaba wa ushujaa mwaka 1856, akaupa jina lake mwenyewe, na mwaka 1857 aliwavisha watu 62 kwa mkono wake huko London. Kwa hiyo askari mwenye nishani alitangaza mambo mawili bila kufungua kinywa: kwamba ni shujaa, na kwamba ni mtu wa mfalme fulani.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha nishani yake ya nyota mwaka 1875. Usultani ulipopinduliwa Januari 1964, nguvu ya nyota ile Visiwani ikaisha pamoja na kiti. Chuma kilibaki kilekile. Kilichoondoka ni mamlaka iliyokuwa nyuma yake.

Tena, nishani ni rahisi kwa mtoaji. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwagawia mashamba askari wa Kizungu. Askari Mwafrika hakuwamo katika mgao huo, ingawa naye alipigana chini ya bendera ileile. Heshima ya kifuani haikumfikisha shambani.

Hatusemi nishani zitupwe. Ushujaa ulikuwa wa kweli, na walioachwa Burma hawakurudi. Ila wewe uliyerithi nishani ya babu, chukua karatasi, andika jina lake, kikosi chake na kijiji chake, uiweke pamoja nayo. Mfalme amekwisha andikwa. Sasa aandikwe aliyepigana.

Hadi juma lijalo, kwaherini.