Wakfu wa Mawe na Jua: Biashara ya Wageni katika Ugiriki

Mji wa Fira, ulio mkuu katika kisiwa cha Santorini, umekaa juu ya ukingo wa jabali lililosimama wima kutoka baharini, na kati ya bandari ndogo ya chini na nyumba nyeupe za juu kuna ngazi zipatazo 600, ambazo kwa vizazi vingi watu na mizigo walizipanda juu ya migongo ya nyumbu na punda, kazi iliyolisha nyumba nyingi za kisiwa hicho. Hata ilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1970, fikra ya kutundika magari madogo juu ya kamba za chuma ili yapandishe abiria kwa dakika chache tu, ikadhihiri kwamba starehe ya mgeni ingekuwa njaa ya mwenye nyumbu. Ukoo wa Nomikos, matajiri wa meli, uliyagharimia magari hayo yakawa hiba kwa wenyeji, na katika mapato yake likatengwa fungu la wenye nyumbu. Msomaji wa Lamu, ambaye anajua punda ni nani katika mji wa vichochoro, ataufahamu uadilifu wa shauri hilo bila ya kuelezwa. Nimelitanguliza kwa sababu swali la fungu, yaani nani apate nini katika fedha aziletazo mgeni, ndilo linaloikabili leo biashara yote ya utalii katika nchi ya Ugiriki, ambayo vitabu vyetu vya zamani huiita Uyunani.

Ukubwa wa biashara yenyewe unastaajabisha. Katika mwaka 2024 nchi hii, ambayo watu wake ni kama milioni 10 na nusu, ilipokea wageni wapatao milioni 36, bila ya kuwahesabu wale washukao kwa saa chache kutoka meli za matembezi, na Benki Kuu ya Ugiriki iliandika katika daftari zake mapato ya euro bilioni 21.6. Ugiriki hununua kutoka nje bidhaa nyingi kuliko inazouza huko, na pengo hilo aghalabu huzibwa kwa nauli za meli zake za mizigo na kwa fedha za hao wageni, ambao kati yao Wajerumani na Waingereza ndio wanaoongoza kwa idadi. Katika miaka ya dhiki ya madeni, tangu 2009 hata 2018, wazee walipopunguziwa malipo yao ya uzeeni na vijana wakahama kutafuta riziki, hoteli za visiwani ziliendelea kuwaajiri watu. Lakini nguzo moja ni nguzo moja: mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga njia, mapato yaliporomoka kutoka euro bilioni 18 za mwaka uliotangulia hadi bilioni 4.3.

Sasa bidhaa iuzwayo ni ipi? Ni magofu ya kale na jua la visiwani, na katika hayo mawili hakuna hata moja lililotengenezwa na mfanyabiashara aliuzaye. Wazee wetu wa pwani wanalo neno kwa mali ya namna hii, nalo ni wakfu: shamba au nyumba ambayo asili yake haiuzwi wala hairithiwi, bali mazao yake hutumiwa kwa manufaa yaliyokusudiwa, na sharti la kwanza la msimamizi ni kuitengeneza ile asili kabla ya kugawa faida. Kwa mizani hiyo ndipo nionapo kwamba biashara ya Ugiriki yafaa kupimwa.

Mwanzo wake ulikuwa wa heshima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyofuata Vita Kuu ya Pili na kumalizika mwaka 1949, viliiacha nchi na barabara mbovu na hoteli chache, na hakuna tajiri aliyethubutu kutia fedha zake katika kisiwa kisichokuwa na maji wala umeme. Ndipo shirika la taifa la utalii, lililoundwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1950, likajenga hoteli za serikali zilizoitwa Xenia, neno la Kiyunani lenye maana ya ukarimu kwa mgeni, na nyingi kati yake, hasa zile zilizochorwa na Aris Konstantinidis, zilikuwa majengo ya utulivu, yasiyoshindana na magofu wala na bahari. Leo baadhi yake zimeuzwa, nyingine zimebomolewa, na nyingine zimeachwa kuwa mahame. Mwaka 2017 viwanja 14 vya ndege vya mikoani, vikiwamo vya Rhodes, Corfu, Kos, Mykonos na Santorini, vilitolewa ijara ya miaka 40 kwa kampuni iongozwayo na Fraport ya Ujerumani, kwa malipo ya kwanza ya euro bilioni 1.234. Viwanja vimetengenezwa vizuri, hilo halikanushiki; ila milango ya visiwa imo mikononi mwa watu wa mbali, kama ambavyo kwa miaka mingi vitanda vya visiwa vilikuwa vikijazwa na mawakala wa mbali, na kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilipofilisika Septemba 2019, wenye hoteli wa Krete na kwingineko walibaki na hati za madai zisizolipwa.

Katika Athens, hata hivyo, asili ya wakfu inatengenezwa kwa subira ya ajabu. Parthenon, hekalu lililojengwa baina ya mwaka 447 na 432 kabla ya Masihi, limekuwa maabadi ya Wayunani, kisha kanisa, kisha msikiti, na mwaka 1687 Waturuki walipoweka baruti ndani yake, kombora la Wavenisi liliiripua, likalipasua jengo katikati. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji walioazimia mema waliyaunga mawe yake kwa vyuma, na vyuma vile vilipoliwa na kutu vikavimba, vikaipasua marumaru kutoka ndani. Tangu iliposimamishwa kamati maalumu mwaka 1975, mafundi wamekuwa wakivitoa vyuma hivyo kimoja kimoja na kutia titani, ambayo haishiki kutu, na kila penye upungufu huchonga kipande kipya cha marumaru kutoka mlima uleule wa Penteli uliotoa mawe ya kwanza. Kazi hii ya nusu karne haitazamiwi kuleta faida ya mwaka huu wala wa kesho, lakini bila hiyo hapana cha kuuza. Tangu Septemba 2023 wageni wa Acropolis wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, wakiingia kwa saa zilizopangwa, na Aprili 2025 tiketi ilipanda kutoka euro 20 hadi 30. Wako waliolalamika kwamba bei hiyo ni ghali. Mimi naona kwamba mgeni aliyelipa nauli ya ndege na hoteli ili aone jiwe hili hadhulumiwi akiombwa kulichangia jiwe lenyewe. Anayestahili kusamehewa ni mwenyeji na mwanafunzi.

Jua nalo limeanza kudai haki yake. Julai 2023 joto lilizidi hata wasimamizi wakalazimika kuifunga Acropolis saa za adhuhuri, na mwezi huohuo moto wa msituni katika kisiwa cha Rhodes ulisababisha watu wapatao 19,000, wengi wao wageni, kuhamishwa, wengine wakichukuliwa na mashua kutoka ufukweni. Serikali imeweka ushuru wa tabianchi kwa kila chumba kwa kila usiku, ambao katika hoteli za daraja la juu, wakati wa msimu, umefika euro 15.

Tukirejea Santorini, huko ndiko hesabu ilikoharibika zaidi. Kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000 hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na siku ambazo meli za matembezi zilikutana, watu elfu kadhaa walishushwa kwa asubuhi moja katika vichochoro vya Fira na Oia, wakapiga picha, wakanunua maji ya kunywa, wakarudi melini kula na kulala. Msongamano ukabaki kwa wenyeji, faida ikaondoka na meli. Kwa hiyo kimewekwa kikomo cha abiria 8,000 wa meli hizo kwa siku, na tangu Julai 2025 kila abiria ashukaye hapo au Mykonos katika kilele cha msimu hutozwa euro 20. Hatua hizi ni njema, ila zimechelewa. Mashamba ya mizabibu, ambayo wakulima wa Santorini huyasuka matawi yake yakawa kama vikapu juu ya ardhi ili zabibu zikingwe na upepo, yamekuwa yakipungua mbele ya majumba ya kupangisha. Maji matamu hupatikana kwa mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari. Na mwalimu au daktari apelekwaye kisiwani na serikali hutaabika kupata chumba, kwa kuwa mwenye nyumba hupata kwa mgeni, katika siku chache, kile ambacho mwalimu angelipa kwa mwezi. Mji usioweza kumweka mwalimu wake umeanza kuila asili ya wakfu wake, hata kama hoteli zimejaa. Februari 2025 ardhi ilipotetemeka siku nyingi mfululizo, zaidi ya watu 10,000 walikimbia kwa meli na ndege, nao wazee wakakumbuka tetemeko kubwa la 1956 lililowafukuza wengi moja kwa moja.

Kaskazini ya hapo, nusu saa hivi kwa mashua kutoka Mykonos yenye hoteli za anasa, kiko kisiwa kidogo cha Delos, ambacho hakina hoteli hata moja. Kwa mfanyabiashara, ama kwa hakika, hapana mahame yenye mafunzo kama haya. Mwaka 166 kabla ya Masihi Warumi walikifanya bandari huru isiyotoza ushuru, kwa kusudi la kuiadhibu Rhodes, na mwanatarikhi Polybius ameandika kwamba mapato ya bandari ya Rhodes yalianguka kutoka drakma 1,000,000 hadi 150,000. Matajiri wa Italia, Shamu na Misri wakahamia Delos, wakajenga nyumba zenye sakafu za vijiwe vya rangi, na mwanajiografia Strabo anasimulia kwamba soko lake liliweza kupokea na kutoa watumwa 10,000 kwa siku moja, habari ambayo mtu aliyesimama Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, hawezi kuisoma kwa moyo mkavu. Mwaka 88 kabla ya Masihi majeshi ya Mithridates, mfalme wa Ponto, yakakiteketeza, na biashara ikahamia kwingine. 

Wageni wa Delos hufika asubuhi na kuondoka alasiri, maana sheria haimruhusu yeyote kulala huko isipokuwa walinzi na wachimbaji wa mambo ya kale, na wengi wa wachimbaji hao hutoka katika chuo cha Kifaransa cha Athens kilichoanza kazi hapo miaka ya 1870. Wachimbaji hao wanaonya kwamba bahari inapanda. Majengo yaliyo karibu zaidi na maji ni bohari za wale matajiri, na wakati wa kipupwe mawimbi sasa huingia ndani yake, yakiilainisha misingi.