Bamba la Kuvika si Ukuta

Fundi wa Karagwe au Kyerwa ajengaye kiwanda cha kukoboa kahawa analijua zege la nondo. Zege la nyuzi za kioo ni jambo jingine: saruji na mchanga huchanganywa na nyuzi fupi za kioo, yakapatikana mabamba yenye unene wa milimita 10 hadi 15 hivi. Kioo chenyewe hutiwa zirikonia, kwani kile cha kawaida huliwa na ukali wa saruji. Mfasiri akiliita "bamba la ukuta" atapotosha. Ukuta, kwa fundi, hubeba paa. Bamba hili hukivika tu kiunzi cha chuma, likazuia mvua na upepo kama bati. Akilitwika boriti, litapasuka naye yu chini yake. Twapendekeza "bamba la kuvika".