Bingwa Bila Kumaliza Ligi: Korona na Kandanda ya Kenya

Hapa shuleni ubishi wa mpira hauishi. Shabiki wa Gor Mahia akianza kujivunia mataji, hakosi mmoja wa kumkata maneno: "Lile la 2020 si mlipewa tu!" Je, ni kweli walipewa? Nitaeleza jinsi bingwa alivyopatikana mwaka ule, halafu wewe mwenyewe uamue.

Kwanza, ligi ni nini? Ligi si kama kombe la mtoano. Kila timu hukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, ndipo pointi zikahesabiwa. Kwa hivyo msimamo wa ligi huwa wa haki kamili siku ya mwisho tu. Kabla ya hapo, huenda timu moja imekwisha kukabiliana na vigogo wote, na nyingine bado inawangoja.

Msimu wa 2019/20 ulianza na timu 18. Mdhamini, kampuni ya SportPesa, alikuwa amejiondoa, fedha zikawa haba. Sony Sugar ikafukuzwa kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Zikabaki timu 17, yaani kila timu icheze mechi 32.

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Ligi ikasimama, shule zikafungwa, kafyu ikaanza tarehe 27. Mwezi wa Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Hata kama Bandari ingetaka kucheza pale Mbaraki, wageni wangepitia wapi?

Tarehe 30 Aprili rais wa FKF, Nick Mwendwa, akatangaza kwamba msimu umekwisha na Gor Mahia ndio mabingwa. Gor ilikuwa imecheza mechi 23 na kupata pointi 54. Kakamega Homeboyz ilifuata, pointi 7 nyuma. KPL, kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi, ikapinga, ikisema FKF haina mamlaka hayo. Kesi ikafika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Mwishowe taji likabaki kwa Gor, nayo ikaenda kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika.

Wenzetu walifanyaje? Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kusubiri kisha kumaliza. Tanzania ilirudi uwanjani Juni, na Simba ikatawazwa tarehe 28 mwezi huo. Uingereza nayo ilimaliza, Liverpool ikachukua kombe. Ya pili ni kukatisha na kumpa anayeongoza, kama Kenya, Uganda na Ufaransa. Ya tatu ni kutompa mtu. Uholanzi, Ajax na AZ zilikuwa sawa kwa pointi 56, basi bingwa hakuwepo. Norway walikuwa na bahati ya kalenda: msimu wao ulikuwa haujaanza, wakauanza Juni na kuumaliza Desemba, Bodø/Glimt ikatwaa ubingwa wake wa kwanza.

Sasa sikiliza hesabu hii. Uganda walikuwa na kanuni iliyoandikwa mapema: robo tatu ya mechi zikishachezwa, anayeongoza ni bingwa. Vipers walikuwa wamecheza 25 kati ya 30, wamevuka. Tukiwapima Gor kwa kanuni hiyo, robo tatu ya 32 ni 24. Wao walicheza 23. Mechi moja tu!

Mimi naona Gor walistahili kuliko timu nyingine yoyote, lakini pointi 7 ni pengo la mechi tatu, na zilibaki tisa. Homeboyz hawatajua kamwe.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Wakubwa walipokuwa wakigombea mamlaka, kaka mmoja wa mtaani kwetu, mchezaji wa timu ya daraja la chini, alikuwa hana lake. Alikuwa akipata kitu kidogo baada ya kila mechi. Hakuna mechi, hakuna kitu. Akaenda kusukuma mkokoteni soko la Kongowea, na viwanja vilipofunguliwa hakurudi tena. Huyo hayumo katika msimamo wowote wa ligi.

Msimu uliofuata ulisimamishwa tena Machi 2021, lakini safari hii walisubiri, wakarudi Mei, na Tusker wakawa mabingwa Agosti. Hakuna anayewaambia kwamba walipewa.

Basi wenzangu, tahadhari kabla ya hatari. Muhula huu tukianza mashindano ya madarasa, tuandike kabisa kwenye karatasi: mvua ikikatiza fainali, tutafanyaje? Tuandike kabla hatujajua ni nani anayeongoza.