Maji ya Mlimani Yana Zamu

Simama kwenye daraja la mto Karanga, magharibi ya mji wa Moshi, katikati ya Aprili. Utausikia mto kabla hujauona. Rudi hapo hapo Februari, utakuta mawe yaliyoanikwa juani na mkondo mwembamba unaopita katikati yake kama mtu aliyepotea njia. Mtaalamu wa umeme aliyekuja mara moja tu, tena Aprili, ataandika ripoti tamu sana.

Naanza na hilo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu umeme mdogo wa maji milimani huanza kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi mno, inashawishi. Chukua kiasi cha maji, kizidishe kwa kimo yanakoporomoka, kisha kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 60 zinabeba takriban kilowati 59. Ondoa kinachopotea kwenye bomba, turbaini na jenereta, utabakiwa na kilowati 40 hivi, zinazotosha kuendesha mashine mbili tatu za kusaga na kuwasha taa za kitongoji kizima. Sasa tazama miteremko ya Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, yenye makorongo yanayokimbilia chini na maporomoko kama ya Materuni au Kinukamori. Kila bonde linaonekana kama kiwanda cha umeme kinachosubiri mtu wa kukifungulia mlango.

Tatizo ni kwamba maji hayo yana wenyewe, na yana zamu.

Karne kadhaa kabla ya jenereta ya kwanza kufika Moshi, Wachaga walikuwa wameshachimba mifongo: mifereji inayoyachukua maji juu kabisa kwenye korongo, ikayazungusha kiunoni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia yenye migomba na kahawa. Banio la mfongo wa asili ni mawe, magogo, matope na migomba iliyokatwa. Masika yakilizoa, watu hutoka kulijenga upya, na asiyetokea hutozwa faini. Kila ukoo au kitongoji kina siku yake na saa zake, na anayeiba zamu ya mwenzake hujulikana kabla jua halijazama. Mfumo huu wa kihamba ndio ulioifanya Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi Vijijini, kutambuliwa mwaka 2011 na shirika la FAO kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Mtambo mdogo wa umeme nao ni mfongo, ukiuangalia vizuri. Una banio, una mfereji au bomba linalofuata kilima, na mwisho una bomba la msukumo linaloyatupa maji chini kwenye turbaini. Kisha maji yanarudi mtoni. Wenye miradi hupenda kusema kwamba mitambo hii haitumii maji, inayaazima tu. Ni kweli, lakini uliza yanarudishwa wapi. Kati ya banio na nyumba ya mtambo kuna kipande cha mto kinachobaki na maji machache, au bila tone. Kinaweza kuwa mita 300, kinaweza kuwa kilomita 3. Kwa kipimo changu, urefu wa kipande hicho unaeleza zaidi athari za mradi kuliko idadi ya megawati zilizoandikwa kwenye bango.

Katika mlima usio na watu, wanaoumia hapo ni samaki, vyura, wadudu wa majini na miti ya ukingoni. Kilimanjaro wanaumia hao pamoja na mfongo ambao banio lake limeangukia katikati ya kipande hicho, mama anayechota maji pale chini, na ng'ombe wa zizini ambao maji yao hutoka korongoni. Ndiyo maana mtambo wa kilowati 200 uliowekwa mahali pabaya unaweza kuleta ugomvi mkubwa kuliko wa megawati 2 uliowekwa mahali pazuri. Neno "mdogo" linapoza watu bure.

Mahali pazuri panafananaje? Nenda Rundugai, wilaya ya Hai. Huko mvua iliyonyesha juu mlimani na kuzama kwenye miamba ya volkano hutokea tena tambarare kama chemchemi, ile ya Kikuletwa ambayo wengi huiita Chemka. Chemchemi haina pupa kama korongo. Hutoa maji masika na kiangazi. Enzi za ukoloni palijengwa kituo cha umeme cha megawati 1 na ushee, ambacho baadaye kilisimama miaka mingi. Eneo hilo sasa liko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, kama kituo cha mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu. Kituo kiko chini ya vihamba, si juu yake, na kinategemea maji yasiyokauka. Waliochagua pale walijua kusoma mto.

Historia ya upande mwingine nayo tunaijua. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, lenye mtambo wa megawati 8. Kutoka hapo mto Pangani hushuka hadi kituo cha Hale, megawati 21, na kile cha New Pangani Falls, megawati 68, kilichozinduliwa 1995 kwa fedha za nchi za Nordiki. Wafadhili waliotia fedha huko chini walitaka maji ya huko juu yasimamiwe. Ofisi ya Bonde la Pangani ikafunguliwa mwaka 1991, vibali na ada zikafuata. Mkulima wa Kibosho aliyerithi mfongo kwa babu yake akaambiwa anahitaji karatasi na malipo ili autumie. Hakuelewa, na sidhani tulimweleza vizuri. Alichokisikia ni kwamba taa za mjini zimeanza kumdai maji.

Kovu hilo halijapona, na kila mradi mpya wa umeme mabondeni utaligusa.

Halafu kuna suala la nani anafaidi. Wilayani Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 uliowashwa 2012 ulipeleka umeme kwenye kiwanda cha chai na katika vijiji ambavyo havikuwa na nguzo hata moja, ziada ikauzwa kwa shirika la umeme la taifa, TANESCO. Mwanakijiji wa huko aliuona mradi ndani ya nyumba yake. Uchagani mambo ni tofauti, kwa kuwa nyaya za TANESCO zilishapanda mlima zamani. Mtambo mpya utauza umeme kwenye gridi, na bei ya yuniti ya mzee wa Uru haitashuka hata senti. Basi faida ya kijiji lazima iwe kitu kingine kilichoandikwa kwenye mkataba: hisa, sehemu ya mapato, banio la zege linalohudumia mtambo na mfongo kwa pamoja. Ahadi ya ajira haitoshi. Mtambo wa aina hii ukishajengwa huendeshwa na watu wachache kuliko duka la vifaa vya ujenzi.

Bosnia waliligundua hili mapema. Agosti 2017 akina mama wa kijiji cha Kruščica walikaa kwenye daraja lao kuzuia mashine za mradi wa umeme mdogo, wakalinda usiku na mchana zaidi ya siku 500 mpaka vibali vikafutwa. Mwaka 2022 bunge la shirikisho lao likapiga marufuku mitambo midogo mipya. Sioni haja ya kwenda mbali hivyo, maana milima yao haina kitu tulicho nacho sisi: kanuni za zamu zilizokwishazoeleka. Mifongo mingi hutumika sana mchana, na usiku maji huachwa yajaze vibwawa. Umeme unahitajika zaidi kuanzia saa moja jioni. Mtambo uliowekwa kwenye mfongo wenyewe, ukipewa zamu ya usiku kama mwanachama mwingine na kulipa mchango wa ukarabati kama mwanachama mwingine, unaweza kuishi na vihamba bila kesi.

Jambo la mwisho, la msitu. Watu hulilia barafu, na kweli zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa 1912 imekwisha. Lakini mito yetu hailishwi sana na barafu. Inalishwa na ule msitu wa mvua na ukungu wa upande wa kusini, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifiki nusu yake. Mradi unaofyeka msitu kupitisha barabara na bomba unajikatia maji yake wenyewe. Na tangu 2005 msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, hivyo anayetaka kimo kikubwa cha maporomoko atajikuta anabisha hodi KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, yakifuatiwa na maji ya kuhifadhi mto wenyewe, ndipo matumizi mengine, umeme ukiwamo. Kwa hiyo wenyeviti wa vijiji na wazee wa mifongo, mkiletewa mkataba, msiusome ofisini. Mchukueni mhandisi Februari, kabla ya masika, mtembee naye kwa miguu kutoka banio lilipopangwa hadi nyumba ya mtambo, mkihesabu kila mfongo njiani. Akikataa kutembea, msisaini.