Mtoto akitoka vipele baada ya kula karanga, mama afanye nini?

Huku Kasongo na Kabambare, mtoto akitimiza miezi 6 anaanzishwa uji, na mara nyingi karanga za kusaga zinatiwa ndani. Ni vizuri, maana uji wa muhogo peke yake unashibisha tu, haujengi mwili. Shida inakuja mtoto akitoka vipele. Mama anaogopa, anaondoa karanga, yai na samaki, vyote mara moja. Kwashiorkor inapata njia hapo. Na vipele vingine ni vya joto tu!

Heri kutafuta chakula chenyewe. Lete kipya kimoja kimoja, kwenye ncha ya kijiko, asubuhi, mtoto akiwa mzima, kisha ngoja siku 3. Kinachomsumbua kiondolewe hicho tu. Vingine viendelee, pamoja na ziwa la mama.

Kuchelewesha karanga hakukingi alerji. Utafiti wa London uliotangazwa mwaka 2015, kwa watoto 640, ulionyesha walioanza mapema walipata alerji ya karanga kwa uchache zaidi. Ila zisagwe laini: nzima inaweza kumpalia.

Midomo ikivimba, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, usijaribu tena nyumbani. Mkimbize kituo cha afya, umwambie munganga alikula nini na saa ngapi.