Kabla ya Kununua Darubini ya Kompyuta

Tukikuta sanduku la darubini limeandikwa "hukuza mara 500", tusikimbilie kulipa. Kinachokusanya nuru ya nyota ni upana wa kioo. Darubini ya milimita 60 haifai kukuza zaidi ya mara 120 hivi. Ukizidisha, sura huwa kubwa lakini yenye ukungu. Celestron NexStar 130SLT, kwa mfano, ina kioo cha milimita 130, nacho chatosha kabisa kutuonyesha pete za Zohali na miezi minne mikubwa ya Mshtarii.

Kompyuta yake huigeuza darubini yenyewe hadi kwenye nyota tuliyoichagua, kisha huifuata. Lakini kwanza hutaka tarehe, saa na mahali tulipo, na tuielekeze kwenye nyota mbili tatu zing'aazo. Majina mengi ya nyota hizo yana asili ya Kiarabu: Rigel ni rijl, yaani mguu, Deneb ni dhanab, mkia. (Hapo mwanafunzi wa madrasa ana nafuu!) Tuulize pia habari za betri, maana inakula 8.

Anayeutafuta mwezi mwandamo kwa darubini asubiri jua lizame kabisa. Jua likitazamwa humo bila kichujio maalumu mbele ya darubini hupofusha jicho papo hapo.