Njia salama ikizoeleka, si salama tena

Usiku wa Machi 27, 1999, siku chache tu baada ya NATO kuanza kuishambulia Yugoslavia kwa mabomu, ndege ya Marekani aina ya F-117 ilitunguliwa karibu na kijiji cha Buđanovci, Serbia. Ilisifika kwa kuwa ngumu kuonekana kwenye rada, na njia zake zilipangwa kwa kompyuta kabla ya rubani kupanda. Ilianguka vipi?

Tuanze na kazi ya kompyuta yenyewe. Hupewa ramani ya mwinuko, yaani ardhi iliyogawanywa katika miraba midogo, kila mraba ukiwa na kimo chake. Ramani za namna hii zilipata sura mpya Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipopima kwa rada takribani asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Juu ya ramani hiyo wapangaji huweka rada na makombora ya adui, na masafa ya kila kimoja.

Mlima hapo huwa ngao. Mawimbi ya rada husafiri karibu mstari mnyoofu, ilhali dunia ni mviringo. Kwenye ardhi tambarare, ndege iliyo mita 10,000 angani inaweza kuonekana kutoka umbali wa kilomita 400 hivi. Ikishuka hadi mita 100, haionekani mpaka ifike kilomita 40 hivi. Ikijificha bondeni, hukaribia zaidi. Lakini kuruka chini hula mafuta mengi na huiweka ndege karibu na bunduki za ardhini.

Kwa hiyo kila mraba hupewa gharama: mafuta, muda na hatari ya kuonekana. Kisha kompyuta hutafuta mfululizo wa miraba wenye jumla ndogo kabisa. Mojawapo ya kanuni maarufu za utafutaji huo, A*, ilitangazwa mwaka 1968 na Hart, Nilsson na Raphael wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, waliokuwa wakishughulikia roboti ya kutembea ndani ya vyumba. Ubora wake ni kwamba haipotezi muda kupekua kila upande. Hukadiria safari iliyobaki na kuanza na njia zenye matumaini.

Kwa F-117 hesabu ilikuwa na jambo la ziada. Umbo lake lilirudisha mwangwi mdogo kwa pembe fulani na mkubwa kwa nyingine, hivyo ilibidi kupanga pia ndege ielekeze upande gani kwa kila rada, na ikate kona wapi.

Sasa turudi Serbia. Miongoni mwa sababu zilizotajwa baadaye ni kwamba ndege hizo zilipita njia zilezile usiku baada ya usiku. Waliokuwa chini walijua pa kusubiri, nao walitumia S-125, kombora la Kisovieti lililoingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kompyuta ikipewa gharama zilezile, hutoa jibu lilelile. Haijui kwamba adui naye anajifunza, isipokuwa mpangaji ameingiza mazoea kama gharama mojawapo. Uamuzi huo bado ni wa binadamu, na lawama yake pia.